Ua wa Hothoni

Muchiri, baba,

Salamu ni za watu walio mbali, na wewe uko ng'ambo ya ukuta huu wa mbao, unacheka na wenzako waliokuja kukuaga. Nasikia kila neno. Nasikia pia kwamba unacheka ukiwa umechelewa, wenzako wakishamaliza. Ningeingia humo niseme yaliyo moyoni, lakini unajua mambo yetu tukisema uso kwa uso: mimi napandisha sauti, wewe unanyamaza, na dada yako Wambui anatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Kwa hiyo naandika. Nimeketi hapa jikoni, maziwa yako motoni, na nitakuwa nikiinuka inuka. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimetoka kukoroga.

Habari za soksi sitazisema. Wambui amezisema tangu Jumapili. Unajua kuvaa, unajua kusali, na chakula cha huko Uingereza utakizoea au utakonda, yote mawili si ajabu. Ninalotaka kusema linahusu sanduku lako.

Leo mchana nilipita mlangoni kwako nikaliona liko wazi, na nguo zote ulizokuwa umezipanga zimerudi kitandani. Ulikuwa umesimama dirishani na simu sikioni, umenipa mgongo. Ukamwambia rafiki yako, "Buda, siendi. Siwezi wacha mathe hivi na hiyo moyo yake. Wacha hiyo kazi ikae."

Mathe ndiye mimi. Nilirudi nyuma kwa vidole. Sasa nikwambie jambo ambalo singeliweza kulisema nikikutazama. Nilifurahi. Nilisimama pale kwenye magunia ya mbegu za viazi nikafurahi peke yangu. Nikajiambia, basi, Mungu mwenyewe ameamua, sikumwomba mtu abaki. Hata nikaanza kufikiria kesho nitapika nini.

Furaha yenyewe haikukaa. Kabla sijafika jikoni ilikuwa imenigeuka, na tangu saa hiyo sijatulia mahali. Nimefagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nimekwenda kumkama ng'ombe kabla ya wakati wake akanipiga teke, na alikuwa na haki. Nimepanda juu mpakani kuangalia ua wa miiba, nikashuka, nikapanda tena. Wewe ulidhani natafuta kuku.

Wacha nianzie huko kwenye ua, kwa sababu mimi kila ninachokijua juu ya watu nilikijua kwanza pale, na kwa kawaida nilikijua nikiwa nimeshaharibu.

Unajua guka wako, baba yangu, alikuwa mtunza bustani wa mzungu hapa hapa Molo, wakati shamba hili lilipokuwa moja kabla ya kukatwa vipande vipande. Jina lake ndilo ulilo nalo, na ndiyo maana nakuita baba hata ninapokugombeza. Wao walimwita boi mpaka mvi zikamtoka. Memsahibu wa shamba alikuwa na hamu ya ua wa kwao, ule wanaouzungushia mashamba, akaagiza mbegu kutoka Uingereza. Mti mfupi, miiba mirefu, maua meupe yanayojazana, na matunda madogo mekundu ambayo ukiyatafuna unapata unga mdogo na kokwa kubwa. Jina lake la Kizungu lilimshinda guka wako, akalifanya hothoni, na hothoni likabaki. Majirani wengine huiita kayaba ya mzungu, kwa kuwa kayaba nayo ni ua wa miiba. Lakini kayaba umeiona kule Njoro, hata harufu si moja.

Harufu yenyewe ndiyo iliyoleta maneno. Maua ya hothoni yanapendeza kwa macho, ukisogea karibu unasikia kitu cha nyama iliyoanza kuharibika. Memsahibu alimwonya guka wako asiyaingize nyumbani hata tawi moja, maana kwao ukiingiza maua hayo ndani mtu wa nyumba hiyo hufa. Na mti ukiota peke yake katikati ya shamba hawaukati, wanauzunguka na jembe. Guka wako alicheka hadithi hizo maisha yake yote. Lakini sikumwona hata siku moja akiingiza tawi nyumbani. Nilipomuuliza, alisema mambo ya wazungu si yetu, ila kifo hakiulizi kabila.

Wakati wazungu walipokwenda na watu wa chama cha kununua ardhi walipogawana shamba, karibu ua wote uling'olewa ukawa kuni. Kipande kilichobaki ni hiki chetu cha juu, kwa sababu guka wako alikubali sehemu yenye mteremko ambayo wengine waliikataa, ili tu akae na mti wake. Mama yangu alimlaumu kwa hilo mpaka anazikwa.

Nilipokuwa msichana nilitaka kuuongeza ua ule ushuke mpaka barabarani. Guka wako alinifundisha: chuma matunda yakiiva, yaponde, osha kokwa, zichanganye na mchanga mbichi kwenye gunia, uliweke mahali ambapo sakitu inapiga, ile barafu nyembamba ya asubuhi, kisha usahau. Usahau, akasema. Mbegu hii hulala. Inataka baridi iipige, joto likae, baridi iipige tena, ndipo iamke. Mimi nikawa kila wiki nachimbua kuangalia. Nazitoa, nazihesabu, nazinusa, nazirudisha. Mwisho nikachoka nikazimwaga kitaluni, na zilipokataa kuota nikapanda viazi juu yake. Mwaka uliofuata nikiwa napalilia, nikang'oa majani madogo madogo ambayo sikuyajua, nikayatupa rundo zima kwa mbuzi. Guka wako akapita, akainama, akaokota kamche kamoja, akaona kokwa bado imeshika kwenye mzizi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Njeri, ulikuwa unalima ama ulikuwa unapekua?"

Swali hilo limenifuata. Watu wakinisomea ile methali ya haraka haraka haina baraka nakasirika, kwa sababu haraka yangu si ya miguu. Miguu yangu ni mizito. Mimi huchimbua. Ulipokuwa chuo cha uuguzi Nakuru nilikupigia simu kila jioni kukuuliza kama umekula, na kama umekula nikauliza mbona sauti yako iko hivyo. Ulikuwa unaota, na mimi nilikuwa nazitoa mbegu kuzinusa. Ukienda nitajaribu kupiga simu Jumapili tu. Nimesema nitajaribu.

Maziwa yamefurika. Wambui ameingia, ametazama jiko, amenitazama mimi, ametoka kwenda kwa ng'ombe.

Naendelea. Ua wa hothoni ukiuacha unakuwa miti, chini panabaki matundu, na kondoo wanapita kama wako sokoni. Dawa yake ni kuulaza. Unachukua panga kali, unakata shina chini karibu na ardhi, kwa kuinamisha panga, unakata unakata mpaka karibu utokee upande wa pili. Hapo unaacha. Unabaki ulimi mwembamba wa gome na mti kidogo ndani yake. Kisha unalilaza shina lote juu ya jirani yake, polepole, na huo ulimi unapinda bila kuvunjika. Mtu asiyejua akiona atasema umeua. Lakini maji hupita kwenye ulimi huo, shina linaishi likiwa limelala, na kutoka pale ulipokata yanachipuka machipukizi mapya yaliyosimama wima. Ukikata kidogo, shina linapasuka ukililaza. Ukikata sana, umepata kuni.

Mimi nilikuwa mtu wa kuni. Panga likishaingia siwezi kusimama. Guka wako alikuwa akisema, "Kata mpaka uogope, halafu simama." Mimi sikuogopa mapema ya kutosha.

Nikiwa msichana wa miaka ishirini hivi niliitwa chuo cha ualimu, mbali, upande wa Meru. Nilikuwa nimefunga sanduku la bati. Wiki ile mama yangu, cucu yako ambaye hukumwona, miguu ikamvimba ikawa haimbebi. Guka wako akasema nenda, mimi nipo. Mama naye akasema nenda. Mimi nikafungua sanduku nikatoa nguo, na watu wote wa kanisa wakanisifu, wakasema mnamwona huyo, huyo ni mtoto.

Ambalo kanisa halikuliona ni nyumbani. Nilimpikia mama yangu kila siku na nilimpikia kwa kishindo. Sufuria zangu zilisema. Nikimpa chai naiweka chini kwa nguvu kidogo, si sana, kiasi cha yeye kujua. Rafiki zangu walipoanza kufundisha, kila mmoja aliyepata kazi nilimtaja mezani kwa sauti tamu. Mama alivumilia miaka. Siku moja nilikuwa namsugua magoti, akanishika mkono akasema, "Njeri, mimi niligonjeka miguu. Sikugonjeka mikono. Si mimi nilikushika."

Nikaendelea kusugua. Nilibaki kwa sababu niliogopa kwenda, Muchiri. Niliogopa chuo, niliogopa Meru, niliogopa kwamba labda sina akili walizosema ninazo. Miguu ya mama ilikuja ikanipa sababu nzuri, na mimi nikamtoza yeye kwa woga wangu. Sijui kama wewe ni hivyo. Wewe si mimi, na mara nyingi nashukuru. Lakini nilipolisikia lile neno dirishani, "siwezi wacha mathe hivi", nilisikia sanduku la bati likifunguka. Nikaona pia meza hii miaka ijayo, wewe unaniwekea chai, na mimi nasikiliza kikombe kinavyotua.

Sasa tuje kwenye huu moyo wangu ambao umekuwa kama mtu wa tatu nyumbani.

Wewe unaamini niliacha tembe kwa sababu ya ubishi. Wambui anaamini ni kwa sababu ya kusahau. Nyote mmekosea kidogo. Ulikuwa bado Nakuru wakati moyo wangu ulipoanza kuruka mapigo, na daktari wa hospitali, msichana mdogo mwenye miwani, akanipa tembe akasema nitazimeza maisha yangu yote. Alisema vizuri tu, hata alitabasamu. Lakini neno hilo, maisha yako yote, nilitoka nalo mpaka nyumbani. Nikakumbuka guka wako uzeeni, akianika matunda ya hothoni na majani yake juu ya paa la banda, akichemsha kikombe kila jioni. Memsahibu alimwambia kwao ni dawa ya moyo, na alikunywa, na alikufa mzee sana akiwa na meno yake. Nikasema, mbona mimi niwe mgonjwa wa maisha yote na dawa ya baba yangu imesimama mpakani?

Nikachemsha. Ni kweli nilijisikia vizuri. Nikaacha tembe, na niliacha mbele ya watu wote, nikawatangazia mezani, nikajisifu kanisani. Sikutaka tu kupona. Nilitaka guka wako awe alikuwa na haki. Mtu aliyeitwa boi mpaka anastaafu, nilitaka daktari mwenye miwani aje ajifunze kwake. Hayo yalikuwa mazuri kuyataka, lakini moyo haujui heshima ya mtu yeyote, unajua tu kupiga au kutopiga.

Mengine uliyaona mwenyewe, kwani ulikuwa umekuja likizo ya kunisaidia kuvuna. Nilianguka katikati ya matuta, lori likipakiwa. Tanboi, utingo wa lori, ndiye aliyenibeba, na nilifika hospitali juu ya magunia ya viazi, wewe umenishika kichwa, dereva anapiga honi kama arusi. Uliahirisha safari yako kwa ajili hiyo. Sikukushukuru wakati ule, nilikuwa na aibu. Nakushukuru sasa.

Yule daktari hakunicheka. Nilimweleza habari za guka wako, zote, hata paa la banda. Akasikiliza, akasema mti huo anausikia, na kwamba si uongo kuwa unagusa moyo. Shida ndiyo hiyo, akasema. Unagusa moyo, na tembe zinagusa moyo, na mimi nikiwa sijui ni nani amegusa siwezi kukusaidia. Kisha akasema, "Mama, kila kitu unakunywa, niambie. Hata kama ni chai ya babako." Sikutegemea maneno hayo yaniliza, lakini yaliniliza. Tangu siku hiyo nameza tembe asubuhi, na matunda ya hothoni nimewaachia ndege, ila kila nikipita nasema, baba, si kwamba sikuamini.

Nimeinuka hapo kidogo. Mama Cheptoo aliingia kutoka kwao ng'ambo ya ua.

Amepita kwenye pengo la ua, kama kawaida yake, akiwa na kibuyu cha mursik cha kukupa uende nacho. Nimemwambia ndege haikubali maziwa ya kibuyu. Amesema basi hiyo ndege haina akili, utakunywa yote leo kabla ya kulala, kwa hiyo jitayarishe. Amekuja kuketi hapa nilipo, akaona naandika, akauliza ni nini kinachonifanya nipumue hivyo. Nikamwambia juu ya sanduku. Nilidhani atasema afadhali abaki. Yeye mwenyewe ana vijana wawili walioko mbali na analia kila Krismasi.

Alizungusha kifuniko cha kibuyu. Akasema, "Njeri, huyu kijana akibaki, atakaa hapa akiangalia wewe ukipumua. Utaweza hiyo?"

Nikasema sitaweza. Nilisema haraka hata nikashangaa.

Akasema, "Basi. Mimi nitakuwa nakuja asubuhi nione umemeza. Nikikosa kukuona kwa ng'ombe, naingia."

Wewe unajua Mama Cheptoo akisema naingia anaingia. Lile pengo lenyewe ni kosa langu jingine lililogeuka bahati. Guka wako aliniagiza nilizibe, nikiwa bado na nguvu, tulipogombana na watu wa kwao juu ya kondoo. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuliziba mara kumi. Nilikata mashina mawili nikayamaliza, yakakauka, kama kawaida ya mkono wangu, nikachoka, nikaacha. Ulikuwa mdogo lakini sidhani umesahau ule mwaka wa kura, nyumba za watu wa kabila letu zilipokuwa zikiwaka huko chini na ua wetu wa miiba haukuzuia hata moshi. Alikuja gizani Mama Cheptoo, akatupitisha hapo mmoja mmoja, wewe ukiwa umebeba kuku ambaye hakuna aliyekutuma umbebe. Tulikaa kwake nyuma ya ghala. Mumewe alikaa mlangoni. Hatujawahi kuzungumza juu ya usiku huo, mimi na yeye, tumezungumza kila kitu kingine duniani. Ningelikuwa fundi mzuri wa ua, sijui tungelipita wapi.

Kwa hiyo mimi siachwi peke yangu. Wambui anakaa Molo mjini, anaweza kufika kabla chai haijapoa. Mama Cheptoo yuko kwenye pengo. Daktari ana nambari yangu, na mimi nina yake. Moyo wangu unaweza kusimama wewe ukiwa Uingereza, ndiyo. Unaweza kusimama pia wewe ukiwa chumba cha pili ukicheka na wenzako. Hilo nimelitazama machoni wiki hii yote na limenitazama pia, na wote wawili bado tuko hapa. Siliogopi kama ninavyoogopa kikombe kinachotua kwa kishindo.

Kuna jambo linanichoma juu ya hiyo kazi, na sitalificha. Guka wako alitunza ua wa wazungu, na wewe unakwenda kutunza wazee wao. Nimejaribu kulilaza jambo hilo kila upande na bado lina mwiba. Huenda ukamwosha miguu mtu aliyezaliwa hapa hapa Molo, anayekumbuka baridi yetu na hakumbuki jina la mtu yeyote. Mwoshe vizuri. Miguu ni miguu, nimeosha ya mama yangu na najua. Lakini akikuita boi, mwambie jina lako. Akisahau, mwambie tena. Guka wako hakuweza, wewe unaweza, na wala huhitaji kukasirika.

Na ukitoka nje utaiona hothoni. Wanasema huko imejaa barabarani, hakuna anayeitazama. Simama uitazame kwa niaba ya guka wako, hakuwahi kuiona kwao. Angalia wameilazaje. Kama wamekata vibaya usiwaambie, wewe ni mgeni. Ikichanua, usiingize maua chumbani mwako. Sijui kama ni kweli. Usiingize tu.

Utakumbuka ule mwezi niliotoka hospitali, nilipokataliwa kushika panga, ukasema utaulaza ua wewe mwenyewe. Nilikaa juu ya debe nikakuelekeza, na bila shaka nilielekeza kupita kiasi. Ulifika kwenye lile shina nene lililo karibu na pengo. Ukakata, ukakata, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo kusema endelea, endelea, bado, wakati wewe uliposimama. Ukanigeukia ukaniuliza, "Mum, haitakufa?" Uso wako ulikuwa umejaa woga. Nikafunga mdomo. Mkono huo haukutoka kwangu. Ulikuwa mkono wa guka wako, ulinipita mimi ukaja kwako, na nikaona vyema tu upite.

Ukalilaza. Ulimi ukapinda, haukuvunjika. Kila siku tangu hapo nimekuwa nikijizuia kwenda kukwaruza gome nione kama ni kijani. Leo ndiyo nilikuwa nikipanda na kushuka kwa ajili hiyo, si kwa ajili ya kuku. Sikukwaruza. Niliinama tu, na pale ulipokata, chini kabisa, kuna vichipukizi vyekundu, vingi, vimeelekea juu. Nilitaka kukuita uje uone nikaona ningelia mbele ya wageni.

Sasa wenzako wanaanza kuaga, nasikia viti. Mama Cheptoo anakusubiri na kibuyu, na hakuna pa kukimbilia. Wakati ukinywa, nitapita chumbani kwako niiache barua hii.

Sitakwambia uende. Nikikwambia utakwenda kwa ajili yangu, na hayo ni mamoja na kubaki kwa ajili yangu. Nimekwambia yaliyo moyoni kama yalivyo, furaha yangu ya mchana ikiwemo, maana ungeiona usoni mwangu siku moja na ukadhani ndiyo yote.

Ukiwa na wageni, nguo zako zilizokuwa kitandani nimezikunja nimezirudisha sandukuni. Zimeenea zote, hata sweta ya Wambui. Zipu sijaifunga.

Mama